Namba ya Sakafu ya Mianzi Ijulikane Kabla Kontena Halijafungwa

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, pembeni mwa marumaru na mikeka ya vinili, siku hizi hutakosa rundo la mbao nyembamba zenye rangi ya asali au kahawia iliyokolea. Ni sakafu ya mianzi, na sehemu kubwa yake inatoka China. Mteja anayezunguka maduka matatu manne hukutana na jambo lilelile: mbao zinafanana kwa unene, kwa rangi na kwa namna zinavyoshikana, lakini bei zake zimeachana mno. Akiuliza sababu hutajiwa dola, nauli ya meli na ushuru. Dola hupanda na kushuka, na nauli huamuliwa mbali na hapa. Ushuru, kwa upande wake, umeandikwa kitabuni. Kati ya hayo matatu, huo ndio uliopaswa kuwa wa uhakika kuliko yote. Kwa nini basi ndio unaomkosesha mwagizaji usingizi tangu siku anayolipa kiwanda hadi siku anayotoa mzigo bandarini?

Jibu limo katika namba. Kila bidhaa inayovuka mpaka hupewa namba, na namba hiyo ndiyo huamua kiwango cha ushuru, vibali vinavyohitajika, na safu ambayo bidhaa itahesabiwa katika takwimu za taifa. Msimamo wangu ni huu: mamlaka za forodha za Afrika Mashariki zinapaswa kumwambia mwagizaji namba ya bidhaa yake kwa maandishi, pamoja na sababu, kabla mzigo haujapakiwa, kisha uamuzi huo uwekwe hadharani ili kila mtu, kuanzia mwagizaji mkubwa hadi muuza duka wa Kariakoo au Gikomba, ausome na kuutegemea. Pasipo hivyo, wananchi wanalipa kodi ambayo hakuna bunge lililoipitisha, nayo ni kodi ya mashaka. Sakafu ya mianzi inalionyesha jambo hili vizuri kwa sababu ni bidhaa inayoonekana rahisi kuitambua, huku kitabu cha ushuru kikiwa kimeitengenezea milango mingi.

Mmea mmoja, milango mingi

Namba hizo hutoka katika Mfumo wa Kimataifa wa Uainishaji wa Bidhaa, unaojulikana kwa kifupi kama HS, ambao husimamiwa na Shirika la Forodha Duniani lenye makao yake Brussels. Mfumo ulianza kutumika 1 Januari 1988, na leo unatawala zaidi ya asilimia 98 ya biashara ya bidhaa duniani. Tarakimu sita za mwanzo ni za ulimwengu mzima. Baada ya hapo kila nchi au jumuiya huongeza zake, na Jumuiya ya Afrika Mashariki hutumia tarakimu nane. Kitabu hurekebishwa kila baada ya miaka mitano au sita. Marekebisho hayo yana maana kubwa kwa mianzi, kwani kwa muda mrefu bidhaa zilizotengenezwa kwa mmea huu hazikuwa na makao yake kitabuni. Kibotania mwanzi ni nyasi, wa ukoo mmoja na mahindi na mpunga. Sheria ya forodha haikuifuata botania. Maelezo ya Sura ya 44, ambayo ni sura ya mbao, yanasema kwamba panapotajwa mbao, mianzi nayo imo, isipokuwa pale maandishi yanapoelekeza vinginevyo. Kwa hiyo sakafu ya mianzi ilihesabiwa humohumo ndani ya mti, na ilikuwa shida kwa taifa lolote kujua linanunua kiasi gani.

Toleo la mwaka 2007 ndilo lililoanza kuitenga mianzi kwa namba zake ndani ya sura ya mbao. Mbao za mianzi zilizochongwa kingo kwa mfululizo, zikiwa na ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, zilipata 4409.21. Plaiwudi na mbao za kubandika za mianzi zilipata 4412.10. Mwaka 2017 likaja jambo lililokuwa likisubiriwa: 4418.73, yaani paneli za sakafu zilizounganishwa za mianzi, au zile ambazo angalau tabaka lake la juu, lile linalokanyagwa, ni la mianzi. Toleo hilohilo lilifungua pia 4421.91 kwa vitu vingine vya mianzi visivyo na mahali pengine. Ongeza 1401.10 kwa mianzi ghafi inayotumika zaidi kusukia, na Sura ya 46 kwa mikeka na majamvi ya mianzi. Mmea mmoja umekuwa na makao sita, na bado hatujagusa samani.

Je, makao hayo hayatofautiani waziwazi? Baadhi ndiyo. Fito mbichi haziwezi kuchanganywa na mbao iliyopakwa vanishi. Shida iko kati ya 4409, 4412 na 4418, na inatokana na jinsi sakafu yenyewe inavyotengenezwa. Kiwandani, mashina ya mwanzi yaliyokomaa hupasuliwa kuwa vijiti bapa, hupikwa kuondoa sukari na wadudu, hukaushwa, kisha hubandikwa kwa gundi na kukandamizwa. Vijiti vikilazwa au vikisimamishwa ubavu kwa ubavu, hutoka mbao inayoonyesha pingili za mwanzi. Ikiwa mwanzi wote umegeuzwa nyuzi, ukaloweshwa gundi na kushindiliwa ndani ya umbo la chuma, hutoka mbao nzito na ngumu kuliko miti mingi ya msituni, ambayo ndani yake huoni tena kijiti hata kimoja. Na ikiwa mwanzi ni tabaka jembamba la juu tu, chini yake hukaa mbao laini ya msonobari au mpopla. Zote tatu dukani huitwa sakafu ya mianzi. Zote tatu zina ulimi na mfereji. Afisa aliyeshika boksi mkononi aseme ni mbao iliyochongwa kingo, ni mbao ya kubandika, au ni paneli ya sakafu iliyounganishwa?

Kitabu kinajaribu kumsaidia, lakini msaada wenyewe unahitaji kusomwa kwa utulivu. Maelezo ya Sura ya 44 yanasema kuwa bidhaa za kifungu 4412 zinaweza kuchongwa maumbo ya kifungu 4409 na zikabaki palepale 4412, mradi kazi hiyo haijazipa sura ya bidhaa ya kifungu kingine. Maana yake ulimi na mfereji peke yake havimalizi shauri. Mtu mwenye nia njema kabisa anaweza kusoma sentensi hiyo mara mbili akafika mahali pawili. Kuna pia kanuni za jumla za kutafsiri mfumo: maneno ya kifungu na maelezo ya sura hutangulia, bidhaa yenye vitu mchanganyiko hufuata kile kinachoipa tabia yake ya msingi, na pakishindikana kabisa, huchukuliwa namba iliyo ya mwisho kati ya zile zinazostahili sawa. Ni kanuni nzuri. Hata hivyo, neno tabia ya msingi likiachiwa watu wawili wenye maslahi tofauti, kila mmoja ataiona anakotaka.

Tazama jinsi mstari mmoja ulivyo na nguvu. Kabla ya 2017, sakafu yenye uso wa mwanzi na kiini cha msonobari ilihitaji mabishano ya tabia ya msingi: je, ni ule uso unaokanyagwa na kuonekana, au ni kiini kinachobeba uzito mwingi? Maneno ya 4418.73, yanayotosheka na tabaka la juu, yalilijibu swali hilo kwa paneli zilizounganishwa, kwa dunia nzima, kwa siku moja. Marekani nayo ilifanya jambo la aina hiyo katika uwanja mwingine. Desemba 2011, ilipoanza kutoza ushuru wa ziada dhidi ya sakafu za mbao za tabaka kutoka China kwa madai ya bei ya kutupa na ruzuku, amri yenyewe iliitaja sakafu ya mianzi na kuiacha nje, hata kama tabaka za chini yake ni mbao. Mfanyabiashara aliyesoma sentensi hiyo alijua amesimama wapi kabla ya kuagiza. Uwazi wa aina hii hauhitaji miujiza wala fedha nyingi. Unahitaji mtu mwenye mamlaka aandike sentensi, na sentensi hiyo ionekane.

Asilimia huzaa asilimia

Kwa nini mwananchi anayejenga vyumba vitatu Mbagala au Kitengela ajali kama mbao imeingia kwa 4412 au 4418? Kwa sababu namba ikihama, kiwango kinaweza kuhama nayo, na kiwango hakisafiri peke yake. Viwango vya Pamoja vya Ushuru wa Forodha vya Jumuiya vilianza mwaka 2005 na ngazi tatu: sifuri kwa malighafi, asilimia 10 kwa bidhaa za kati, asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Kuanzia Julai 2022 ikaongezwa ngazi ya nne, asilimia 35, kwa baadhi ya bidhaa zilizokamilika ambazo ukanda unajitosheleza kuzizalisha, samani zikiwemo. Juu ya hayo, kila mwaka wa bajeti nchi wanachama huomba ruhusa ya kutoza tofauti kwa muda. Katika bajeti ya 2018/19, kwa mfano, Kenya iliamua kutoza plaiwudi na bodi za mbao kwa kiasi maalumu kwa kila tani. Siku hiyo kila mtu aliyekuwa na bidhaa iliyo jirani na mpaka wa plaiwudi alipata sababu mpya ya kujua yuko upande gani wa mpaka huo.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme mzigo hadi kufika bandarini, pamoja na bima na nauli, una thamani ya shilingi 10,000,000, na tuache pembeni tozo nyingine ndogondogo. Kwa asilimia 10, ushuru ni 1,000,000, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, inayotozwa juu ya thamani pamoja na ushuru, ni 1,980,000, jumla 2,980,000. Kwa asilimia 25, ushuru ni 2,500,000 na kodi ni 2,250,000, jumla 4,750,000. Kwa asilimia 35, ushuru ni 3,500,000 na kodi ni 2,430,000, jumla 5,930,000. Mzigo ni uleule na meli ni ileile. Kutoka ngazi moja kwenda nyingine mteja ameongezewa zaidi ya milioni moja, na sehemu ya ongezeko hilo ni kodi juu ya kodi. Nayo faida ya muuzaji wa jumla na ya muuzaji wa rejareja hupigwa juu ya hayo yote, kwani hakuna mfanyabiashara anayetenga ushuru pembeni anapokadiria faida yake. Anayelipa jumla ya hesabu hiyo ni mwenye nyumba.

Hapa ndipo mashaka yenyewe yanapogeuka gharama. Mwagizaji asiyejua kama atatozwa asilimia 25 au zaidi hapangi bei kwa kutumia kiwango cha chini. Anapanga kwa kiwango anachokiogopa. Hata mzigo ukitoka salama kwa kiwango cha kawaida, bei ya dukani imeshawekwa kwa hofu, na haishuki. Siku ambazo mabishano yanaendelea, kontena limekaa bandari kavu likila gharama za kuhifadhiwa na tozo ya kuchelewa kulirudisha kwa kampuni ya meli. Wafanyabiashara wadogo huumia zaidi, kwa kuwa wengi wao hawajazi kontena peke yao, hugawana. Ndani ya kontena moja kuna maboksi ya sakafu, vitasa, mabomba na taa za watu tofauti. Boksi moja likibishaniwa namba, kontena zima linaweza kusimama. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi, na nyasi katika habari hii ni mama mwenye duka dogo la vitasa ambaye hata hajui kwamba ndani ya kontena kuna mianzi.

Kivuli cha miaka mitano

Kuna jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Kutoka na mzigo bandarini si mwisho wa safari. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaipa mamlaka nafasi ya kudai ushuru uliopungua hadi miaka mitano nyuma, na palipo na udanganyifu hata muda huo hauzuii. Katika hali ya kawaida hilo ni jambo la haki. Serikali isiibiwe eti kwa sababu kontena limeshafunguliwa. Lakini fikiria mwagizaji aliyetangaza 4409 kwa uaminifu, akakubaliwa, akauza sakafu yote, kwa fedha hizo akanunua mzigo mwingine, kisha mwaka wa nne wakaguzi wakaja wakasema ilikuwa 4412. Atakwenda kubisha hodi nyumba kwa nyumba akidai nyongeza? Mbao zimeshagongwa misumari na watoto wameshakua juu yake. Deni lote ni lake.

Mfanyabiashara mwenye akili anajua kivuli hicho kipo, na ndiyo maana anajiwekea akiba ndani ya bei. Kila mteja wa leo anachangia deni ambalo huenda lisije kamwe. Sheria inampa mwagizaji haki ya kupinga: ana siku 30 kuomba Kamishna aupitie upya uamuzi, Kamishna ana siku 30 kujibu, na asiporidhika anaweza kwenda kwenye baraza la rufani za kodi. Haki hiyo ni ya thamani kwa kampuni yenye mwanasheria. Kwa mtu aliyekopa saccos ili kuagiza maboksi 200, miezi ya rufaa ni miezi ya riba. Wengi hulipa wakanyamaza, na ukimya wao ukihesabiwa kuwa ni kukubali, kosa linabaki mahali pake likimsubiri mwingine.

Hoja za upande wa pili

Wapo watakaosema kuwa sakafu ya mianzi ni anasa ya wenye nacho, na kwamba nchi zenye wakulima wasio na mbolea hazina sababu ya kujisumbua na mbao za sebuleni. Hoja hii ingekuwa na uzito kama tatizo lingeishia kwenye mianzi. Ukweli ni kwamba kanuni zinazoamua mwanzi ndizo zinazoamua bati, mlango, pampu ya umwagiliaji, betri ya sola na kipuri cha bodaboda. Pampu inayoingizwa kama mashine ya kilimo na pampu ileile inayoingizwa kama mashine ya kawaida zinaweza kufika shambani kwa bei mbili. Nimeichagua mianzi kwa sababu mipaka yake inaonekana kwa macho.

Wengine, hasa ndani ya mamlaka zenyewe, huhofia kwamba maamuzi yakichapishwa walaghai watajifunza mbinu: watasoma ni kitu gani kilichofanya mbao fulani ipewe namba nafuu, kisha wataelezea mizigo yao kwa maneno hayohayo. Walaghai wapo, na hakuna faida kukana. Kuna picha za mwanzi zilizochapishwa juu ya bodi za MDF na kuuzwa kama mianzi, kuna vinili yenye mchoro wa pingili, na kuna wanaojaza ankara kwa maneno mawili yasiyosema kitu. Lakini swali ni hili: mlaghai ananufaika na nini zaidi, mwanga au giza? Palipo na giza, namba hupatikana kwa kujuana, na anayejuana zaidi ni yuleyule mlaghai. Uamuzi uliochapishwa na sababu zake humpa hata afisa kijana wa mpakani kitu cha kushika anaposhinikizwa na tajiri: huu hapa uamuzi, unasema tabaka la juu liwe mwanzi, na la kwako ni karatasi. Isitoshe, kudanganya maelezo ni kosa la jinai tayari, na ukaguzi wa sampuli haukomi kwa sababu uamuzi umechapishwa. Marekani huweka hadharani maamuzi yake ya uainishaji yasomwe na yeyote. Umoja wa Ulaya una kanzidata ya wazi ya maamuzi yanayofunga pande zote kwa miaka mitatu. Forodha zao hazikufilisika kwa kufanya hivyo.

Hoja nzito zaidi ni ya viwanda vya ndani. Tunayo mianzi yetu. Mwanzi wa milimani hukua kwenye misitu ya Aberdare, Mau na Elgon. Katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, watu wa Iringa na Njombe wameishi na mianzi inayowapa ulanzi kwa vizazi. Kwa nini tuwarahisishie waagizaji wa China badala ya kuwainua mafundi na wakulima wetu? Ninaikubali nia hiyo kwa moyo wote, na ninaikataa njia yake. Kama Jumuiya inataka kuilinda sakafu ya mianzi itakayotengenezwa Iringa au Kericho, mawaziri wakae, wapandishe kiwango, watangaze kwenye gazeti rasmi, na wananchi wajue wanalipia nini na kwa muda gani. Huo ni uamuzi wa kisiasa na unapaswa kubebwa na wanasiasa. Kuipandishia bidhaa ushuru kwa kuihamisha namba, kimyakimya, kontena kwa kontena, si ulinzi wa kiwanda. Kiwanda hakipati uhakika wowote, maana namba iliyohamishwa leo na afisa mmoja itarudishwa kesho na mwingine. Mwekezaji wa ndani anayetaka kununua mtambo wa kukandamiza mianzi anahitaji kujua mshindani wake anatozwa kiasi gani kwa miaka ijayo, sawasawa na mwagizaji anavyohitaji kujua.

Tena uainishaji sahihi ni rafiki wa mzalishaji wa ndani kwa njia nyingine. Mali bila daftari hupotea bila habari. Sakafu ya mianzi ikiingia leo kama plaiwudi, kesho kama mbao ya kuchongwa, keshokutwa kama kitu kingine cha mianzi, takwimu za taifa zitaonyesha vijitone vitatu mahali ambapo kuna mto mmoja. Atakayeandika andiko la mradi wa kiwanda atakosa ushahidi wa soko, na benki haitamwelewa. Namba za mianzi zilidaiwa katika ngazi ya dunia kwa sababu hiyo, na shirika la kimataifa la mianzi na henzerani, INBAR, ambalo nchi kadhaa za ukanda huu ni wanachama, lilikuwa miongoni mwa waliozipigania. Ingekuwa hasara kupewa safu katika daftari la dunia kisha tukaijaza ovyo.

Kinachopaswa kufanyika

Msingi wa kisheria upo. Mkataba wa Kuwezesha Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika 22 Februari 2017, unataka nchi wanachama zitoe uamuzi wa awali kwa anayeomba kwa maandishi akiwa na taarifa zote zinazohitajika, na uamuzi huo uifunge mamlaka kwa muda unaofaa. Kuhusu kuuchapisha, mkataba unatumia lugha laini: nchi zijitahidi kuweka wazi taarifa zenye manufaa kwa wengine. Nchi zetu zisijifiche nyuma ya neno kujitahidi. Kabla ya kununua kiwanja mtu mwenye busara huenda ofisi ya ardhi kutafuta jina la mmiliki kwenye daftari. Mwagizaji naye apate daftari la namna hiyo, atafute sakafu ya mianzi, aone bidhaa iliyoelezwa tabaka kwa tabaka, namba iliyopewa, na sababu za afisa. Majina ya kampuni na bei zao vinaweza kufichwa. Sababu zisifichwe.

Daftari hilo liwe moja kwa Jumuiya nzima. Tunatumia kitabu kimoja cha ushuru na sheria moja ya forodha, na chini ya Himaya Moja ya Forodha mzigo wa Kigali au Kampala hukadiriwa na kulipiwa kodi ya nchi uendako kabla haujaondoka bandari ya Dar es Salaam au Mombasa. Kama Kampala inaiita mbao ileile paneli ya sakafu na Dar es Salaam inaiita plaiwudi, umoja wa forodha uko wapi? Bidhaa zitafuata njia yenye namba nafuu, kisha zitarudi kwa magendo kuvuka Mutukula au Namanga, na mfanyabiashara mwaminifu wa mji wa mpakani atafunga duka. Nchi nane wanachama zikubaliane kwamba uamuzi uliotolewa na mmoja unaheshimiwa na wote hadi utakapotenguliwa kwa sababu zilizoandikwa, na mabadiliko yahusu mizigo ijayo, si iliyokwishauzwa kwa imani njema. Daftari liandikwe pia kwa Kiswahili, mojawapo ya lugha rasmi za Jumuiya. Kitabu cha ushuru tunachokitumia kimeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria ambacho hata wasomi hukisoma kwa shida. Muuza duka asilazimike kununua ufahamu wa sheria inayomhusu kutoka kwa mtu wa kati.

Waagizaji nao wana wajibu. Kuuliza si ujinga, lakini swali lenye taarifa pungufu huleta jibu pungufu. Ankara isiyosema zaidi ya sakafu ya mianzi inamlazimisha afisa kukisia. Kiwanda kiulizwe kabla ya malipo: mwanzi ni vijiti au nyuzi zilizoshindiliwa? Tabaka ni ngapi na kila moja ni la kitu gani? Tabaka la juu lina unene wa milimita ngapi? Mbao ni kipande kimoja kilichochongwa kingo, au ni paneli iliyounganishwa kutokana na vipande? Majibu hayo, picha ya mkato wa mbao na kipande cha sampuli vipelekwe forodha pamoja na ombi, na nakala zitunzwe miaka yote mitano. Mawakala wa forodha nao waache desturi ya kumpa mteja namba ya ile kazi iliyopita bila kufungua boksi, kwa sababu mbao ya mwaka jana inaweza kuwa ya vijiti na ya mwaka huu ya nyuzi.

Muda wa kulifanya hili umejipanga wenyewe. Toleo lijalo la HS litaanza kutumika 1 Januari 2028, na kama ilivyokuwa katika kila toleo, Jumuiya italazimika kukipitia upya kitabu chake chote, mstari kwa mstari. Wataalamu watakaa mezani kwa vyovyote vile. Ninawaomba makamishna wa forodha wa nchi nane wasiinuke mezani hapo wakiwa na kitabu kipya peke yake. Wafungue siku hiyohiyo daftari la maamuzi lililo wazi kwa wote, na miongoni mwa kurasa zake za kwanza waandike sakafu ya mianzi, aina zake zote tatu, kila moja na namba yake.